Bastola ya Kushindilia ya Lavada

Lavada Kessinger alikuwa ameosha bastola kwa miaka arobaini na mitatu na hakuwahi kufyatua hata moja.

Asiyezijua bastola za kushindilia atashangaa silaha inaoshwaje kama sufuria. Ndivyo ilivyo. Masizi ya baruti nyeusi yanakula chuma, na ukiilaza bastola nayo usiku mmoja tu, asubuhi unaikuta imeota kutu. Inataka maji ya moto na sabuni ya vyombo, siku ileile. Kila Jumamosi mumewe, Orrin, alirudi kutoka klabu ya shabaha ya Possum Fork ananuka mayai viza, ana furaha na ana njaa. Alikula maharage yake na mkate wa mahindi, akaegemea kiti, akakoroma. Bastola ilibaki mezani juu ya gazeti. Mwaka wa kwanza wa ndoa Lavada aliiosha kwa sababu alitaka meza yake. Miaka iliyofuata aliiosha kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeiosha. Aliifungua vipande vipande, akavisugua, akavikausha kwenye oveni ya moto mdogo pembeni ya pai ya tufaha, akavipaka mafuta na kuviunga tena. Orrin alipoamka aliikuta inang'aa, akasema, "Ahsante, mama," kama mtu aliyepitishiwa chumvi. Kama aliwahi kujiuliza ilivyofika hapo, hakumwambia mtu. Wanaume wa vilima hivi wana imani kubwa na mambo yanayojitendekea jikoni.

Kisha mikono ya Orrin ikaanza kutetemeka. Daktari aliupa ugonjwa jina na akaandika vidonge, na kwa mwaka mzima mambo yakaenda hivyo hivyo. Kilichomshinda ni fataki. Fataki ya bastola hizi ni kikombe cha shaba cha kuwashia baruti, kidogo kama punje ya dengu, na lazima ukivalishe juu ya kinundu chake nyuma ya silinda, kimoja kimoja. Jumamosi moja ya Septemba, akiwa kwenye mstari wa kupiga shabaha, Orrin alidondosha cha kwanza kwenye nyasi. Akadondosha cha pili. Akadondosha cha saba. Wenzake kumi na mmoja walisubiri wakitazama mawingu, na hakuna aliyecheka. Wangecheka angewajibu, maana mdomo wake ulikuwa mzima. Hakuna aliyemsaidia pia, kwa kuwa sheria ya Possum Fork inasema kila mpigaji ajaze bastola yake kwa mikono yake mwenyewe. Sheria hiyo aliitunga Orrin, mwaka ule mtu mmoja wa ng'ambo ya mto alipokuja na mkwewe wa kumjazia, akaondoka na paja la nguruwe la zawadi ya kwanza. Orrin aliliwaza lile paja wiki nzima, kisha akaitisha mkutano.

Kabla Oktoba haijaisha alikuwa ameuza bastola yake. Tangu hapo Jumamosi zake zilikuwa za televisheni, akiangalia utabiri wa hali ya hewa wa majimbo ambayo hajawahi kukanyaga. Rafiki zake walipiga simu, akasema ana mafua. Mafua hayo yalidumu miezi minane. Lavada alimwona mumewe anaondoka akiwa amekaa palepale kitini, na aliogopa kuliko alivyoogopa siku daktari alipotaja jina la ugonjwa. Akapanga kumrudisha. Hakuwa na mpango mwingine zaidi ya kikaratasi cha tangazo alichokibandua kwenye ubao wa duka la chakula cha mifugo.

"Nataka kununua bastola," alisema asubuhi moja ya Mei, akigeuza mayai.

Orrin akashusha kikombe. "Umegombana na nani?"

"Ya shabaha, wewe. Ya baruti nyeusi. Kuna mzee Baumgardner, kule karibu na kanisa la Walutheri, anauza yake."

"Lavada, wewe buibui tu humuui. Unamfunika na glasi unamtoa nje."

"Shabaha si buibui. Nisindikize basi, nisije nikauziwa bomba la maji."

"Nitakaa garini." Alikuwa ameshaugeukia utabiri wa Nebraska. "Sishuki. Hayo mambo nimeachana nayo."

"Nani kakwambia ushuke?"

Lavada aliendesha. Alipofika akalisogeza gari mpaka karibu kabisa na ngazi za baraza, akazima injini, na dirisha la upande wa Orrin akaliacha wazi kwa kisingizio cha joto.

Clete Baumgardner alikuwa mzee mrefu, mwembamba, wa ovaroli na miwani minene kama kitako cha chupa. Alikuwa ametandaza taulo safi juu ya meza ya barazani, na bastola imelala katikati.

"Karibu, mama, karibu. Na yule garini?"

"Mume wangu. Ana mafua."

"Mwezi wa Mei?"

"Ya kwake hayana msimu."

Clete akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyeishi na watu. "Mimi naiuza kwa ajili ya macho. Nilianza kuona shabaha tatu, nikawa napiga ya katikati. Sasa hata ya katikati zimekuwa mbili." Akaiinua bastola, akamwonyesha kila chumba cha silinda kwenye mwanga ili aone kuwa ni kitupu, kisha akaanza somo. "Huu hapa unaitwa mtutu. Risasi inatokea huku mbele."

"Ahaa," alisema Lavada, mpole kama anayefundishwa sala.

Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaikagua kabla hajafika ngazi ya juu. Fremu ilikuwa ya chuma, si zile za shaba zinazolegea baada ya misimu miwili. Midomo ya vyumba haikuwa na kutu. Kinundu kimoja kilikuwa kipya kuliko wenzake, na aliyekibadilisha alijua kazi. Bastola ile ilikuwa imeoshwa vizuri kwa miaka mingi, na Lavada akajisikia anampenda aliyeiosha bila kumjua.

"Naweza kuishika?"

"Shika, shika. Ni nzito lakini."

Lavada akaielekeza chini kwenye uwanja, mbali na gari na mbali na kuku, akavuta nyundo kwa dole gumba, akabonyeza.

Ta!

Sijui nieleze vipi ubaya wa sauti hiyo. Nyundo ikigonga kinundu kisichovalishwa fataki, chuma kwa chuma, kinundu kinabapa, na siku ya mashindano fataki hazikai. Mtu wa baruti nyeusi, bora umzabe kofi. Clete alinyoosha mikono yote miwili.

"Mama! Polepole, mama, hiyo haipendi—"

Ta!

Lavada hakuangalia garini. Kimoyomoyo aliviomba radhi vinundu vya watu, maana alijua jinsi vilivyo vigumu kuvipata. Akavuta nyundo mara ya tatu.

Ta!

Mlango wa gari ukabamizwa.

"Lavada! Lavada Kessinger! Unaua bastola ya watu!"

"Najaribu tu."

"Haijaribiwi hivyo! Nipe hapa! Miaka arobaini na mitatu umeolewa na mimi, hata hili hulijui?"

"Nilijulie wapi? Mimi niko jikoni."

Orrin alipanda ngazi mbili mbili. Akampokonya bastola, akampa Clete mkono na jina kwa mpigo mmoja, akamwomba msamaha kwa niaba ya nyumba nzima. Kisha akainamia taulo. Mkono wake ulitetemeka, na chuma kikawa kinagonga meza, tiki tiki tiki, mpaka alipokibana kwa kiganja cha pili. Clete akawatazama kuku wake kwa makini sana.

"Sikia hii, Vada." Hakuwa amemwita Vada tangu mwaka jana. "Ukivuta nyundo, hesabu milio. Umesikia? Safi. Silinda inajifunga yenyewe, haichezi. Anayekuuzia bastola halafu hataki uvute nyundo taratibu, huyo mwizi. Si wewe, Bwana Baumgardner."

"Naitwa Clete."

"Si wewe, Clete. Sasa hapa kuna kabari, unaiona? Ndiyo inayoushikilia mtutu. Ukiitoa, yote inafunguka."

Katika dakika tano alikuwa ameongea kuliko wiki nzima, na Lavada alisimama pale akilinywa kila neno. Orrin akaibonyeza kabari kwa kidole gumba. Kidole kikateleza. Akabonyeza tena, kikateleza. Mara ya tatu masikio yake yalianza kuwa mekundu, na Lavada aliyajua masikio yale. Yalikuwa hivyo hivyo siku ya Septemba alipoingia nyumbani mapema na kusema amechoka.

Hapo ndipo Lavada alipokosea, na kosa lilikuwa la mikono, si la kichwa. Alichukua bisibisi ya Clete iliyokuwa mezani, akaigeuza, akaigonga kabari kwa mpini pigo moja dogo. Kabari ikachomoka. Mtutu ukatoka, silinda ikafuata. Akachungulia vyumba vyote sita, akapitisha kidole kwenye mhimili unaozungusha silinda, na bila kufikiri akasema, "Mhimili umekauka. Unataka mafuta."

Vipande vilikuwa vimepangwa kwenye taulo, kila kimoja mahali pake.

"Bernadine alikuwa anaigonga hivyohivyo," alisema Clete taratibu. "Marehemu mke wangu. Kwa mpini wa mwiko. Mimi nikitoka kupiga nalala, yeye anaiosha." Akavua miwani, akaifuta. "Na sikumuuliza hata siku moja kama angependa kupiga."

Orrin hakumtazama Clete. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Ulijua," alisema. "Zile ta, ta, ta. Ulijua ubaya wake."

"Nilijua."

"Ili nishuke garini."

"Ili ushuke."

"Kama mbwa anayeitwa kwa mfupa."

Akashuka ngazi. Hakuenda garini, alienda mpaka kwenye ua wa mbao wa malisho, akasimama huko akiwapa mgongo. Lavada aliutazama mgongo ule na akatamani angalau amfokee. Alikuwa amemtoa garini kwa ujanja, na huenda kwa ujanja huohuo amempoteza zaidi.

"Mfuate, mama," alisema Clete. "Bernadine akiniudhi, mimi nilikuwa nangoja anifuate. Akija nanuna kidogo kwa ajili ya heshima, lakini nimeshasamehe."

Lavada akamfuata. Orrin hakugeuka.

"Sitaki kuhurumiwa, Lavada. Wa kunihurumia ninao kumi na mmoja pale Possum Fork."

"Sikuhurumii. Nimekasirika." Ndivyo ilivyokuwa, na yeye mwenyewe alishangaa kulisikia likitoka. "Nimeolewa na wewe, sikuolewa na mvua za Nebraska. Uko sebuleni kwangu kila siku, na nina hamu nawe kama uko safarini. Utarudi lini?"

Ng'ombe wa Clete akaja kuwanusa, akaondoka.

"Kwa hiyo bastola yenyewe huitaki," alisema Orrin. "Ilikuwa chambo tu."

Lavada alifungua kinywa akubali. Mwongo amefumaniwa, kilichobaki ni kukiri waende nyumbani. Lakini kukiri huko kungekuwa uongo mwingine, na hilo alilijua pale pale, ameshika ubao wa ua.

"Naitaka," alisema.

"Acha, Lavada."

"Naitaka, Orrin. Nimeitaka tangu zamani. Ulipokuwa unalala, nikimaliza kuiunga, nilikuwa nailenga ile kalenda ya benki ukutani. Naielekeza, natulia, nabonyeza kwa mdomo tu, puu."

Sasa aligeuka. "Kalenda?"

"Mwezi wa Februari nimeumaliza wote. Sijaacha hata Jumapili."

Kitu kikapita usoni kwa Orrin, nusu kicheko, kikafia njiani. "Kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza."

Hakulisema kwa ukali. Ndiyo maana lilimfika. Orrin akatazama mikono yake iliyokuwa inatetemeka juu ya ubao, kisha akaitazama ya Lavada, yenye wekundu wa maji ya moto.

"Ningekwambia nilidhani hupendi," alisema. "Lakini sikudhani hivyo. Sikudhani chochote. Niliiacha mezani, nikaikuta safi, basi." Akainua macho. "Nisamehe, Vada."

Lavada akalia kidogo. Katika ndoa yao neno hilo alikuwa amelisikia mara moja tu, na mara hiyo ilihusu trekta. Orrin akamshika bega, mkono ukatetemeka begani pake, na hakuna aliyeuondoa.

Waliporudi, Clete alikuwa amekwisha kuiunga bastola na kutoa sanduku lake la vifaa. Alisema hawezi kumuuzia mtu kitu ambacho hajakijaribu, ila safari hii kwa fataki, tafadhali, mama. Nyuma ya ghala kulikuwa na benchi, na hatua ishirini na tano mbele yake karatasi ya shabaha imepigiliwa kwenye ubao, na nyuma ya ubao tuta la udongo.

Lavada akajaza. Alipima baruti na kuimimina chumba kwa chumba, akaweka goroli ya risasi juu yake, akaishindilia kwa wenzo ulio chini ya mtutu mpaka ikakaa, akaziba kila mdomo kwa mafuta mazito. Vyumba vitano, na cha sita akakiacha kitupu chini ya nyundo, kwa usalama. Kisha akageukia fataki. Hakuwahi kuyafanya hayo kwa baruti ya kweli, lakini alikuwa ameyasikia yakisimuliwa mezani maisha yake yote, na hakukosea hata hatua moja. Orrin alimwambia yale tu ambayo sinki halikuweza kumfundisha.

"Tegemeza mguu. Hapo. Vuta pumzi, itoe nusu, nusu baki nayo. Usiibonyeze, ikamue. Ikikushtua ndiyo umepiga vizuri."

Ya kwanza ilimshtua kweli. Ilikuwa mngurumo mzito na wingu jeupe lenye harufu ya Jumamosi zake zote, na moshi ulipoondoka karatasi ilikuwa bikira.

"Umeua tuta," alisema Orrin.

"Nyamaza."

Ya pili ilikwenda huko huko. Ya tatu ilimega pembe ya karatasi. Ya nne haikujulikana. Ya tano ilitua ndani ya duara jeusi, chini kidogo ya katikati, na Lavada Kessinger, mwenye miaka sitini na sita na wajukuu wanne, alipiga ukelele uliowarusha kuku juu ya uzio. Alikuwa na masizi puani. Orrin alikuwa anacheka, kicheko chake cha zamani cha kutoka tumboni, na Clete alikuwa anauliza imepiga wapi, imepiga wapi, jamani niambieni.

"Naichukua," alisema Lavada.

"Dola mia mbili," alisema Clete, "na uioshe siku ileile."

"Hilo usinifundishe, Clete."

Akaiweka bastola kwenye benchi ipoe. Vicheko vikaisha. Orrin alikuwa bado amesimama palepale, na macho yake hayakutoka kwenye ile bastola. Lavada alijua anachokitazama. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi, nikujazie?, akaliuma. Akilitoa yeye, Orrin atasema hapana. Atasema amechoka, atasema mafua, na watarudi nyumbani kwenye mvua za watu wengine. Neno hilo halikuwa la kwake kulitoa. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta wenzo ambao haukuhitaji kufutwa, na hajawahi kufuta kitu kwa muda mrefu hivyo.

"Lavada."

"Abee."

"Nijazie."

Hakuinua uso. "Na sheria yako ya Possum Fork?"

"Iliandikwa na mjinga mwenye mikono mizima. Nitaitisha mkutano." Akasogea mpaka kwenye benchi. "Nijazie, Vada. Tano."

Alijaza polepole. Kazi haikuwa ngumu, ila hakutaka waone macho yake, na baruti haipendi maji. Alipovalisha fataki ya mwisho akampa bastola kwa mikono miwili. Orrin akaipokea, ikatetemeka, akaipandisha usawa wa jicho. Huko juu, mkono uliponyooka na kazi ikawa mbele yake, mtetemo ulipungua. Haukuisha, lakini ulipungua. Clete alisimama ameshika miwani yake. Lavada alishika pumzi, nusu.

Bastola ikanguruma. Wote watatu wakangoja moshi uondoke. Karatasi ilikuwa na alama zilezile mbili za Lavada, na kwenye tuta, kando kabisa, udongo ulikuwa unaporomoka kidogo kidogo.

Orrin alilitazama tuta, akatulia, kisha akavuta nyundo nyuma tena.

"Bado nne," alisema.